Kahawa, enanga na honi ya meli

Ndugu uliyeuliza kama Mwanza pamewahi kuwa na mahali pa kunywa kahawa huku mtu anapiga ala ya asili pembeni yako, siyo ngoma ya jukwaani: palikuwepo. Nimekaa pale jioni nyingi kati ya 2001 na 2004, na hadi leo napakumbuka kwa mapenzi.

Kilikuwa kijiwe tu, karibu na Bandari ya Kaskazini. Turubai moja, mabenchi matatu. Kahawa ilitoka Kagera, ikakaangwa na kutwangwa kwenye kinu, ikachemka na tangawizi ndani ya birika refu juu ya mkaa. Kashata za karanga zilikuwepo, ila ukichelewa hupati.

Giza likiingia alikuja mzee mmoja wa Kihaya tuliyemwita Babu, enanga yake imeviringishwa kwenye kanga. Kwa ambaye hajaiona: ni ubao uliochongwa kama chano kirefu, na uzi mmoja unapitishwa juu yake huku na huku mara saba au nane, kwa hiyo unaonekana kama nyuzi nyingi. Aliilaza mapajani, akauvuta uzi kidogo kidogo, sikio karibu liguse mti. Kazi hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Sasa, muuza kahawa unamjua, kutwa anagonganisha vikombe kuita wateja. Enanga ikianza, huyu wetu alivizamisha vyote kwenye ndoo ya maji visilie. Ukitaka kuongezwa uliinua kikombe kitupu, naye akapita nyuma ya benchi na birika, kimya. Sijaona heshima kama ile kwa mpiga muziki, hata kwenye kumbi za kiingilio.

Babu aliimba Kihaya, visa virefu vya wafalme na mashujaa. Mimi Msukuma, mwanzoni sikuambulia kitu. Mama mmoja aliyekuwa akisafirisha dagaa akawa ananinong'oneza: "Hapa mwanangu, mke amerudi kwao." Halafu kimya. Halafu: "Amemfuata." Ilinitosha.

Honi ya MV Victoria ikilia, nusu ya watu waliinuka na mizigo yao kwenda kupanda meli ya Bukoba. Babu alikata palepale, hata kama shujaa yuko katikati ya vita. "Mliobaki, njooni kesho." Nasi tulikwenda.

Jioni ya tarehe 21 Mei, 2002, alikuja kama kawaida lakini hakuimba. Ilikuwa miaka 6 tangu MV Bukoba izame, karibu kabisa na mji huu. Alipiga mapigo yaleyale machache, akayarudia, akayarudia. Yule mama alijifunika khanga usoni. Hakuna aliyeinua kikombe.

Babu alirudi kwao 2004 na kijiwe hakikudumu. Siku hizi wenye hamu ya asili nawaelekeza kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, hasa wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya mwezi wa Juni, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinaposhindana. Nenda, utafurahi sana. Lakini kule unatazama ukiwa kwenye umati. Pale kijiweni nilisikia kucha ya mzee ikigusa uzi.

Ukimpata Mhaya au Mkerewe anayepiga enanga hapa mjini, tafadhali niambie. Kashata nitaleta mimi.