Leseni ya Texas, mteja wa Ohio
Ndugu, umeuliza kama wakili mwenye leseni ya Texas anaweza kushika kesi zako ukiwa Ohio, ya uhamiaji na ya ajali ya gari. Ya uhamiaji anaruhusiwa. Wakili wa Texas anaweza kukusimamia kesi ya uhamiaji ukiwa Ohio, kwa sababu uhamiaji Marekani ni sheria ya serikali kuu. Leseni hai ya jimbo lolote inatosha mbele ya USCIS (idara ya serikali kuu inayoshughulikia maombi ya uhamiaji) na mahakama za uhamiaji. Nawatafsiria Wakongo nyaraka zao, na kwenye fomu G-28, ile ya wakili kujitambulisha, mara nyingi naona leseni ya jimbo la mbali kabisa.

Ila ile ajali yako ya gari ni habari nyingine. Hiyo ni sheria ya jimbo: tafuta mwenye leseni ya Ohio. Na usikawie tafadhali, kwa kawaida una miaka 2 tu tangu siku ya ajali kufungua kesi ya majeraha.