Hujarogwa, ni muziki unaokunywesha

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kwenye baa ya mtaani bia mbili zinakutosha, ila ukienda klabu unaamka Jumapili mshahara umeyeyuka. Nimekaa kaunta ya klabu moja Sinza miaka minne, hayo nimeyaona sana.

Singeli ikipigwa watu wanaruka, jasho linatiririka, koo linakauka. DJ akishusha kwa Bongo Fleva ya polepole, kaunta inafurika. Sisi tulikuwa tumeshapanga chupa kabla wimbo haujaisha! Halafu kuna ile sauti yenyewe. Huwezi kupiga stori, basi mkono unabaki na kazi moja tu, kupeleka glasi mdomoni. Utafiti uliofanywa kwenye baa za Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa muziki ulipopandishwa kutoka desibeli 72 hadi 88, wanaume walimaliza glasi ya bia kwa dakika 11 na nusu hivi, badala ya 14 na nusu.

Ingia na pesa taslimu ya usiku huo tu, nauli ikae mfuko mwingine. M-Pesa usiiguse. Kiu ya kucheza ikate kwa maji kwanza, bia baadaye. Na kaa mbali na spika. Masikio yakivuma hadi keshokutwa, muone daktari.

Ila kama hata nyumbani, kimya kabisa, chupa bado inakushinda, hilo si la DJ tena. Nenda hospitali, uzungumze na mshauri.