Neno "careful" lilivyoniponza mbele ya washarika

Juma lililopita msomaji mmoja, ambaye ndiyo kwanza ameanza kazi ya tafsiri, aliniandikia akitaka nimtajie kamusi moja itakayomtosha katika kufasiri maandishi ya Kiingereza cha zamani. Nilikwisha kuandika jina la kamusi, kisha nikalifuta, kwa sababu nilikumbuka kwamba siku nilipojiletea aibu, kamusi ilikuwa wazi mezani pangu na wala haikuninusuru.

Usharika mmoja ulinipa kijitabu cha mahubiri cha Kiingereza nikifasiri kwa ajili ya jubilei yake. Mhubiri wa kale alikuwa amenukuu Wafilipi 4:6 kutoka katika Biblia ya Mfalme Yakobo ya mwaka 1611: "Be careful for nothing." Kamusi yangu, ambayo ilitungwa kwa ajili ya wanafunzi, ilisema "careful" ni mwangalifu, nami nikaandika bila kusita, "Msiwe waangalifu kwa jambo lolote." Siku ya jubilei maneno hayo yalisomwa kwa kipaza sauti, na kabla msomaji hajafika mwisho wa aya, mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi safu ya mbele akauliza kwa sauti iliyofika mlangoni, "Hata tukivuka barabara?" Kanisa zima likacheka. Mimi nilikuwa nimevaa suti mpya.

Baada ya ibada mzee yule aliniita kando. "Mwanangu," akasema, "ungefungua tu Biblia yako ya Kiswahili." Nilipofika nyumbani nikaifungua Biblia ya Union ya mwaka 1952, nikakuta, "Msijisumbue kwa neno lo lote." Jibu lilikuwa rafuni kwangu miaka yote, ila nilijiona fundi asiyehitaji kutazama kazi ya waliomtangulia.

Nilichojifunza ni kwamba, katika Kiingereza cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno lililozaa "care" lilikuwa "cearu", yaani huzuni, majonzi, mzigo wa moyo. Wajerumani wanalo neno la ukoo huo huo katika jina lao la Ijumaa Kuu, "Karfreitag", siku ya maombolezo. Basi "careful" alikuwa mtu aliyejaa masumbuko, na ndiyo maana katika Biblia ile ile Martha anaambiwa yu "careful and troubled", ingawa hakuna aliyekuwa akimsifu kwa uangalifu. Kwa kuwa anayesumbuliwa na jambo haliondoi machoni, maana ilihama taratibu kutoka kwenye fadhaa hadi kwenye uangalizi. "Chary" nalo lilipita njia hiyo hiyo: hapo kale lilimaanisha mwenye huzuni, leo ni mwenye hadhari.

Mahali ninapopapenda zaidi ni 1 Petro 5:7, ambapo Kiingereza kinasema, "Casting all your care upon him, for he careth for you." Neno moja limebeba mambo mawili, fadhaa ya mwanadamu na uangalizi wa Mungu, ilhali Kigiriki kilitumia maneno mawili tofauti. Wafasiri wetu nao walitenganisha, wakaandika "fadhaa zenu zote" na kisha "hujishughulisha sana kwa mambo yenu". Hiyo ndiyo kazi ya mfasiri, na ndiyo niliyoshindwa kuifanya.

Nikiri pia kosa la pili. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba "care" na "cure" (kuponya) ni ndugu, lakini sivyo: la pili limetoka katika "cura" ya Kilatini, ambayo nayo ilimaanisha uangalizi na wasiwasi pia. Kutokana na "cura" tuna "curate", kasisi aliyekabidhiwa uangalizi wa roho za watu, na "sinecure", ambayo kwanza ilikuwa cheo cha kanisani chenye mapato bila uangalizi huo, na leo ni kazi yoyote ya mshahara usiotolewa jasho. Maneno yakifanana sura, usiyaozeshe kabla hujauliza ukoo.

Usharika ule ulinilipa nusu ya tulichopatana, na kijitabu cha pili kikaenda kwa mtu mwingine. Sina kinyongo, ingawa mtaona kwamba sijasahau. Vijana, ninyi mnaoisifu kasi yenu ya kurasa kumi kwa siku, neno linalooneka jepesi katika maandishi ya zamani ndilo la kuogopwa. Gumu litawapeleka kwenye kamusi lenyewe. Jepesi litawapita likitabasamu.

Kuhusu kamusi, iliyo kubwa ya Oxford, ambayo sehemu zake zilitolewa kuanzia mwaka 1884 hadi 1928, huonyesha kila maana pamoja na mifano yenye tarehe, na hiyo ndiyo ya kutafuta maktabani. Lakini nimemjibu msomaji wangu kwa kumtaka aniambie kwanza maandishi aliyo nayo ni ya mwaka gani. Hajanijibu bado.