Uzamivu kuhusu vijana wanaorudi gerezani: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa probesheni katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, nina uzamili wa sosholojia. Nataka kusoma uzamivu wa kriminolojia kwa njia ya utafiti. Mada yangu ni "Sababu za vijana kurudia uhalifu baada ya kutoka gerezani", na nimepanga kuwahoji wafungwa 200 waliofungwa zaidi ya mara moja, katika magereza matatu. Nimeandikia wahadhiri kadhaa. Aliyejibu ni mmoja, akasema mada ni pana. Nitafute kwanza kibali cha Magereza au nafasi ya chuo? Na je, ni lazima niende nje, maana hapa nyumbani sioni shahada yenye jina hilo?

JIBU: Marahaba. Huyo aliyekuambia mada ni pana alikustahi tu. Upana unapunguzika. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba utafiti ulivyoupanga hauwezi kujibu swali ulilouliza, na msimamizi mzoefu huliona hilo kwenye aya ya kwanza, akafunga barua yako na kuendelea na shughuli zake. Kibali na chuo nitavifikia, ila tuanze na hilo.

Ukiwahoji wafungwa 200 waliorudi, umekutana na waliorudi peke yao. Watakutajia ugumu wa maisha, kukosa kazi, marafiki, ndugu waliowakataa. Nawe utaandika kwamba hizo ndizo sababu. Lakini yuko kijana aliyetoka gereza hilohilo, hana kazi vilevile, nduguze wamemkataa vilevile, na leo anavua dagaa Ukerewe na hajarudi kwenye uhalifu. Huyo hayumo katika orodha yako, na bila yeye huwezi kusema ugumu wa maisha ndio uliowarudisha wenzake. Kinachotakiwa ni kuwafuatilia wote waliotoka katika kipindi fulani, kisha uone nani kaangukia wapi. Ni kazi ngumu mno kwa mtu mmoja mwenye miaka mitatu au minne na nauli ya mfukoni.

Halafu kuna neno "kurudia". Unalipimaje? Kukamatwa tena, kutiwa hatiani tena na kufungwa tena ni vipimo vitatu tofauti, na kila kimoja kitakupa jibu lake. Polisi wakifanya msako mtaani, wanaanza na nyuso wanazozijua. Kwa hiyo ukipima kwa kukamatwa, unapima mwenendo wa kijana na mazoea ya kituo cha polisi kwa pamoja. Ukipima kwa kufungwa, umemwacha nje aliyetenda kosa asikamatwe, na yule ambaye kesi yake iliishia kwa mlalamikaji kutofika mahakamani. Ongeza na shida ya majalada: mtu huyohuyo aliandikwa Juma Hamisi kwenye daftari la mahakama ya mwanzo, gerezani akawa Hamisi Juma, na jalada la zamani usilitegemee kuwa na namba ya NIDA. Mtahini atauliza ulijuaje kwamba ni mtu mmoja.

Sasa tazama ulichonacho mkononi, ambacho mwanafunzi wa London au Cape Town angekililia. Tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, mahakama zetu zinaweza kumpa mkosaji wa kosa dogo adhabu ya kufanya kazi za jamii badala ya kwenda jela. Kabla hakimu hajaamua, afisa kama wewe huandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii: mtu huyu anaishi wapi, na nani, majirani wanasemaje, je, anaaminika? Wengi hukimbilia kulinganisha waliopewa huduma kwa jamii na waliofungwa, wakikuta wa kwanza wanarudia kidogo wanashangilia. Wanasahau kwamba hao walichujwa tangu mwanzo na taarifa hiyohiyo. Walioonekana wana kwao na wana wa kuwasimamia ndio waliobaki nje.

Swali ambalo mimi ningelichukua limo humo kwenye mchujo: maafisa wanamwamuaje mtu kuwa anafaa, na hakimu analipa uzito gani neno lao? Lina mipaka, lina majalada, lina watu wazima wa kuhojiwa ambao hawajafungwa, na halihitaji wafungwa 200. Kijana asiye na mwenyekiti wa mtaa wa kumsemea, je, anakwenda jela kwa sababu ya kosa lake au kwa sababu ni mgeni mjini? Kwa hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani unaanza na tovuti ya TanzLII, ni bure. Za mahakama ya mwanzo utazifuata masjala, na vumbi lake.

Ila usifanyie utafiti huo ofisini kwako. Mtu ambaye wewe ndiye unayemwandikia taarifa ya mwenendo hawezi kukukatalia mahojiano, hata fomu ya ridhaa iwe na sahihi na dole gumba. Chagua mkoa mwingine, na ueleze wazi katika andiko lako kwamba wewe ni mtu wa ndani, na utafanya nini kuhusu hilo. Kamati ya maadili itakubana pia kwa jambo hili: mtu akikusimulia kosa ambalo halijulikani, utafanyaje? Mtafiti hana kinga aliyonayo wakili kwa siri za mteja wake. Dawa ni kumwambia mtu kabla hajaanza kusema kwamba usiri wako una mwisho, kutouliza majina wala tarehe za matukio yasiyofika mahakamani, na kutenga majina na maelezo tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakuhusu. Ukigusa watoto, yaani walio chini ya miaka 18, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali ya mtaa. Hilo halikwepeki kwa kusema mimi ni mwanafunzi.

Kuhusu kibali: chuo kwanza. Magereza hawatakupokea kama mtu binafsi mwenye wazo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hupewa barua ya kibali na Makamu Mkuu wa Chuo, mamlaka yaliyokuwepo tangu waraka wa serikali wa 1980. Anakwenda nayo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya. Akitaka kuingia gerezani anaomba kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, na kwa majalada ya kesi anaomba Mahakama. Ukisajiliwa chuo cha nje, mlango wako ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Weka miezi ya kusubiri kwenye ratiba, na uwe na njia mbadala endapo mlango mmoja utabaki umefungwa. Swali la mchujo lina ubora huo: hata bila gereza linasimama.

Jina la shahada lisikusumbue. Uzamivu wa sosholojia au wa sheria wenye tasnifu kuhusu uhalifu ni kriminolojia, na msimamizi anayelijua eneo lako ana thamani kuliko jina kwenye cheti. Ukitaka nje bila kuacha kazi, Unisa ya Afrika Kusini hufundisha kriminolojia kwa masafa. Chuo Kikuu cha Cape Town (UCT) kina Kituo cha Kriminolojia ndani ya kitivo cha sheria. Uingereza, vyuo vingi hukuweka kwanza katika kipindi cha majaribio, mara nyingi ukisajiliwa kwa shahada ya utafiti ya MPhil, iliyo chini ya uzamivu, hadi upite tathmini ya kupandishwa kwenye uzamivu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, usiiwekee hesabu: inalipia uzamili wa mwaka mmoja, si uzamivu.

Barua kwa msimamizi iwe ukurasa mmoja. Swali kwa sentensi moja, data zipo wapi na utazipataje, kwa nini yeye, ukitaja kazi yake mahususi uliyoisoma na mahali usipokubaliana naye. Usiambatanishe vyeti vya kidato cha nne. Akinyamaza wiki tatu, mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa mwingine.

Na kwa kuwa wewe ni mtumishi wa umma, anza sasa kuulizia ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako, kwa maandishi. Nafasi ya chuo ina tarehe yake ya kuripoti, na ofisi ya utumishi ina yake.