Zawadi ya Idi kwa babu na bibi wanaosema "tuna kila kitu"

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Babu na bibi yangu wamejaaliwa umri mrefu na riziki ya kutosha. Kila Idi sisi wajukuu tunawapelekea zawadi, na kila mara jibu lao ni lile lile: "Msijisumbue wanangu, tuna kila kitu." Idi iliyopita nilimpelekea babu saa na bibi vitambaa; mpaka leo vimekaa kwenye maboksi yake. Ndugu yangu mmoja anasema tuache kabisa, mwingine anataka tukope tuwanunulie kitu kikubwa ambacho hawana. Je, tukiacha tutapata dhambi? Na tukitoa, tutoe nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Nianze na hukumu, maana ndiyo nyepesi. Sharia haikuiwekea Idi zawadi maalumu kama ilivyoiwekea swala na zakaatul fitri. Mkono wa Idi ni ada njema, na zawadi kwa jumla ni jambo lililohimizwa: "Peaneni zawadi, mtapendana," kama alivyopokea Imamu Bukhari katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad. Kwa hiyo ukiacha kununua kitu, huna dhambi. Kuacha kwenda kuwaona ni jambo lingine kabisa; huko unagusa kuunga udugu, na hilo ni wajibu, Idi iwepo isiwepo.

Kuhusu mkopo, mwambie ndugu yako apumzike. Kujitwika deni ili kumpa mtu asiyehitaji ni kukaribia ubadhirifu alioukataza Allah (Al-Israa: 26-27), tena katika sura ile ile iliyoamrisha kuwatendea wema wazazi. Na babu akijua kuwa saa anayoivaa bado inalipiwa, hataivaa kwa furaha.

Ama hivyo vilivyo kwenye maboksi, msivichukue mkavipeleka kwingine, wala msiulize kila mkienda, "Mbona huvai?" Walipovipokea vilikuwa mali yao, wakivitunza sawa, wakimpa jirani sawa. Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayerudia zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake, na kuulizauliza nako kunaelekea kwenye masimbulizi, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea, ambayo Qur'ani inasema yanabatilisha sadaka (Al-Baqara: 264).

Tena msione kwamba mzee asiyetumia zawadi yenu amewadharau. Abu Jahm, sahaba, alimzawadia Mtume (s.a.w.) nguo yenye nakshi. Mtume akaswali nayo, nakshi zile zikamvuta macho. Alipomaliza akaagiza nguo ile irudishwe kwa Abu Jahm, na papo hapo akaomba aletewe nguo nyingine ya Abu Jahm, nzito isiyo na nakshi. Wanazuoni wamesema aliomba ile ya pili ili mwenye zawadi asivunjike moyo. Nami naona humo mna funzo kwa anayetoa pia: kitu kizuri kwako kinaweza kuwa usumbufu kwa mwenzio, na anayekujua atakwambia kwa upole kinachomfaa. Je, mmewahi kumuuliza babu? Si kumuuliza "tukununulie nini?", kwa maana jibu mnalo tayari. Muulizeni ni jambo gani alikuwa akilifanya zamani na sasa hawezi.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Wazee wenu wana kila kitu, lakini kinachompungukia mzee aghalabu si vitu, ni uwezo. Macho hayafuati tena herufi za msahafu. Miguu haimfikishi msikitini, wala kwa dada yake ambaye naye ni mzee na hawezi kuja. Anakumbuka wenzake aliokuwa akiwatembelea wagonjwa na kuwazika, sasa anapata habari zao kwa simu. Mtafutieni zawadi humo.

Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, Abu Bakr (r.a.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekwisha kupofuka, ili aonane na Mtume. Mtume (s.a.w.) akamwambia Abu Bakr: "Kwa nini usimwache mzee nyumbani kwake, nikamwendea mimi?" Kisha akamketisha mbele yake, akampangusa kifua, akamlingania Uislamu, naye akasilimu. Huyu ni Mtume siku ya ushindi, watu na kazi zimemzunguka pande zote, na bado anaona yeye ndiye aliyepaswa kwenda kwa yule mzee.

Basi zawadi ya kwanza ninayokushauri ni kuwapeleka mahali wanapopatamani. Kama bibi ana dada au shoga yake wa tangu usichana, siku ya pili ya Idi mchukue umpeleke, umsubiri bila kutazama saa, umrudishe. Kama hawezi kusafiri, mlete huyo anayemtamani. Hapo umetoa zawadi, na umemsaidia kuunga udugu wake aliokuwa akiuona unakatika mikononi mwake.

Ya pili ni ibada. Kama babu au bibi hakuwahi kuhiji na sasa mwili hauwezi tena, wala hakuna matumaini ya kupona, mjukuu aliyekwisha kujihijia mwenyewe anaweza kumhijia. Katika Hija ya kuaga, mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume kuhusu baba yake, mzee asiyeweza kutulia juu ya mnyama: "Je, nimhijie?" Akamjibu: "Ndiyo." Lakini angalia: katika madhehebu ya Imamu Shafi huhiji kwa niaba ya aliye hai mpaka akupe idhini. Usilifanye kimya kimya ili umshtukize. Kaa naye, mwombe ruhusa, aitoe mwenyewe. Na msikope kwa ajili ya hili pia. Linataka akiba na subira, pengine Idi mbili tatu zipite.

Kuna sadaka vilevile. Wengi hungoja mzee afariki ndipo wachimbe kisima kwa jina lake. Sa'd bin Ubada (r.a.) alimtolea mama yake shamba baada ya mama kufa, na Mtume akalikubali, lakini mama yake hakuwahi kuliona. Babu yako yu hai. Changeni mnachokiweza, mkabidhini mkononi kiwe chake, naye atie nia aseme kiende wapi: msikitini, madrasa, kwa yatima anayemjua. Kwa njia hii hakuna ikhtilafu, yaani tofauti ya wanazuoni, ya kuingia, kwa kuwa ni sadaka yake kutoka mali yake, na mkono wake wenyewe ndio uliotoa. Mzee aliyezoea kutoa, kisha akageuka kuwa mtu wa kupewa tu, hii inaweza kumpendeza kuliko kupewa saa kumi za mkononi.

Ile ambayo vijana huisahau ni kwenda kwao mkiwa waombaji. Muombe bibi akufundishe dua alizokuwa akisoma akiwa na mtoto mchanga, akutajie nasaba ya ukoo, akusimulie alivyosomeshwa Qur'ani. Rekodi kwa ruhusa yake, andika, wafundishe wanao. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo matatu ambayo thawabu zake hazikatiki mtu anapokufa. Mnapochukua kwao, ni nyinyi mnaowaongezea.

Na vitu je? Havijaharamika. Kama mkono unawasha kwenda na kitu, chukua manukato mepesi. Mtume (s.a.w.) alikuwa harudishi manukato, na amesema anayepewa raihani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake nzuri. Wepesi huo ni adabu nzuri kwa mzee, haumlazimishi kutafuta pa kukiweka kitu. Wala usione haya kwa udogo wake. Mtume amewaambia wanawake wa Kiislamu jirani asidharau zawadi ya jirani yake, ingawa ni kwato la kondoo.

Jambo moja kuhusu bibi. Wajukuu wengi wakizungumzia zawadi kubwa, Hija na sadaka, humfikiria babu, bibi akabakiwa na kitambaa. Mtu alipomuuliza Mtume (s.a.w.) nani anastahiki zaidi usuhuba wake mwema, alitajiwa mama mara tatu kabla ya baba. Bibi ni mama wa mama yako au wa baba yako. Mkianza kuuliza, anzeni na yeye.

Ndugu yako anayetaka muache, msilazimishane naye kuchanga. Mpeni zamu ya kuendesha gari siku ya kumpeleka bibi kwa dada yake.

Wallahu a'lam.