Mwanasheria wa halmashauri hana kazi? Jibu kwa aliyepangiwa Nyanda za Juu Kusini

Salaam wakuu. Kuna mdogo wetu kauliza: amemaliza Shule ya Sheria, kapata barua ya Afisa Sheria Daraja la II kwenye halmashauri moja huku kwetu Nyanda za Juu, na wenzake waliobaki kwenye ofisi za mawakili pale Mbeya mjini wanamkatisha tamaa. Wanamwambia kesi zote siku hizi ziko kwa Wakili Mkuu wa Serikali, yaani ofisi inayoitetea Serikali mahakamani, kwamba mwanasheria wa halmashauri amebaki wa kubeba majalada. Anauliza aende au aiache nafasi, na pia makazi yakoje.

Nimeifanya kazi hiyo katika halmashauri mbili, moja mkoani Mbeya na nyingine Njombe, kabla sijatoka kwenye utumishi. Halmashauri zenyewe sizitaji, watu bado wapo kazini.

Mdogo wangu, nenda. Ila hao wenzako wana ukweli nusu, na ni vizuri uujue kabla hujapanda basi.

Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilianza 2018. Mwaka 2020 sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ikarekebishwa na halmashauri zikaingizwa humo moja kwa moja. Anayetaka kukushtaki anatoa kwanza notisi ya siku 90, anamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri analifungulia Mahakama Kuu. Akiacha kumuunganisha, shauri zima linaharibika. Kwa hiyo ni kweli, siku ya kusikilizwa anayesimama mbele ya Jaji mara nyingi ni wakili aliyetoka kwa Wakili Mkuu, wewe umekaa pembeni na boksi la nyaraka. Kama ulisomea sheria ili usikike ukumbini, hapo utaumia.

Lakini huyo wakili hajawahi kufika kijijini kwenu. Hamjui mtendaji wa kijiji, hajui mpaka wa shule unapita kwenye mti gani. Atasema kile ulichompa. Ukimpa jalada tupu atatafuta pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kuifuta kesi kabla haijasikilizwa, limwokoe, na likikataliwa mmekwisha. Kwa uzoefu wangu kesi ya halmashauri inaamuliwa miaka kadhaa kabla haijafunguliwa, siku mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa na mtu akaandika muhtasari, au hakuandika.

Chukua mfano wa ardhi za shule na zahanati, kwa sababu ndizo zitakula muda wako. Huku kwetu shule nyingi za msingi zilijengwa kwenye mashamba yaliyotolewa na wazee enzi za vijiji vya Ujamaa. Mzee alisema chukueni, watu wakapiga makofi, matofali yakafyatuliwa. Leo mzee hayupo, barabara imefika, parachichi limepanda bei, na mjukuu anayeishi Dar anakumbuka kwamba lile shamba lilikuwa la babu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ililiona hilo: kifungu cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977 kwa watu waliohamishiwa vijijini. Usikichukulie kifungu hicho kama historia tu. Iringa ndiko mkuu wa mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipouawa na mkulima Ismani siku ya Krismasi 1971, na chanzo kilikuwa shamba na Ujamaa. Mtu wa huku akikuambia ardhi, hazungumzii hati.

Niliwahi kupokea notisi ya namna hiyo, shule ya msingi inadaiwa ekari kadhaa pamoja na fidia ya miti. Ofisini hakukuwa na karatasi hata moja. Idara ya elimu walinipa orodha ya madawati. Ikabidi niende mwenyewe, na baada ya kuzungushwa sana nikaambiwa madaftari ya zamani ya kijiji yako nyumbani kwa mtendaji mstaafu, kwenye sanduku, chini ya magunia ya mahindi. Tukakaa na yule mzee barazani tukifungua kaunta buku moja baada ya nyingine. Tukaupata muhtasari: tarehe, mahudhurio, ajenda ya eneo la shule, na kwenye orodha ya waliosaini waliokubali lipo jina la baba mzazi wa mdai. Nikatoa nakala, nikamwita mdai na wakili wake ndani ya zile siku 90, nikawawekea mezani. Hawakufungua kesi. Hakuna aliyenipongeza, maana kesi isiyofunguliwa haionekani kwenye taarifa ya robo mwaka.

Upande wa pili nao nimeuona. Zahanati, dai linalofanana, mihtasari ilichomwa pamoja na ofisi ya kijiji. Mashahidi wetu wawili wakapingana wao kwa wao. Hapo ushauri wangu kwa Mkurugenzi ulikuwa tuzungumze, na tukaandika hati ya makubaliano kwa kushirikiana na ofisi ya Wakili Mkuu. Madiwani walinuna, lakini tulilipa kidogo kuliko hukumu ambayo ingetufika.

Ndiyo maana hizo siku 90 nazipenda kuliko hata kesi yenyewe. Halmashauri nyingi notisi inaingia masijala, inapigwa muhuri wa kupokelewa, inalala. Siku ya tisini na moja kila mtu anashangaa. Wewe fanya hivi: notisi ikiingia, siku hiyo hiyo andika dokezo sabili (maelezo ya ndani ya jalada) kwa Mkurugenzi, taja tarehe ya mwisho, taja nani ana nyaraka gani, omba gari. Kisha angalia kama mdaiwa ni ninyi kweli. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara hizo, tangu 2017, maji vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019, lakini mwananchi ambaye greda limemkatia migomba ataileta notisi kwenu, kwa sababu jengo lenu ndilo analolijua. Mwandikie mapema umwelekeze. Wapo wanasheria wanaokaa kimya ili waje kushinda kwa hoja kwamba kamshtaki asiyehusika. Mimi naona ni utoto. Yule mwananchi atarudi tu, safari hii ana hasira.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa serikalini hawatalipenda. Halmashauri ya kijiji nayo ni serikali ya mtaa. Maana yake bibi wa Kilolo, kule Iringa, akigombana na kijiji chake kuhusu kipande cha shamba, hawezi kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anatakiwa Mahakama Kuu, notisi, Mwanasheria Mkuu, wakili wa kumlipa. Sisi linatupa nafuu kubwa, yeye linamfungia mlango. Baraza la Kata nalo tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Na hata akishinda, mali ya Serikali haikamatwi kukazia hukumu. Anasubiri deni liingie kwenye bajeti. Nimeona watu wenye hukumu mkononi wakizungushwa mwaka baada ya mwaka. Ukiwa ndani, kazi mojawapo isiyoandikwa kwenye barua yako ni kumkumbusha mweka hazina kwamba hukumu ni deni kama deni la mkandarasi.

Sasa, kesi ni sehemu ndogo. Wiki yako ya kawaida itajaa mikataba. Mikataba ya ununuzi iliyo chini ya shilingi bilioni 1 ilikuwa inapekuliwa na sisi wenyewe, inayofikia hapo na kuzidi ilikuwa inapelekwa kwa Mwanasheria Mkuu. Sheria ya ununuzi ni mpya ya 2023 na kila kitu kinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo soma kanuni zake kabla hujaripoti. Mkataba wa darasa utaletewa saa kumi jioni, mkandarasi yuko mlangoni, na utaambiwa fedha zitarudi hazina mwaka wa fedha ukiisha. Soma hivyo hivyo. Angalia dhamana, muda wa kukamilisha na fidia ya kuchelewa, na uangalie aliyesaini kama ana mamlaka ya kusaini. Mkaguzi akija na hoja miaka miwili baadaye, mkandarasi hatakuwepo, Mkurugenzi atakuwa amehamishwa, wewe utakuwepo.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mikataba. Vikundi vitano vikishindwa kurejesha utaambiwa uwashtaki. Kabla ya hapo waite pamoja na afisa maendeleo ya jamii. Mara nyingi utakuta kikundi ni mtu mmoja aliyetumia majina ya shemeji zake, na hao mashemeji wakilijua hilo fedha zinarudi haraka kuliko kwa amri ya mahakama.

Halafu sheria ndogo. Hii ndiyo kazi niliyoifurahia zaidi na ndiyo inayodharauliwa. Rasimu, matangazo kwa wananchi watoe maoni, baraza la madiwani, kibali cha Waziri, kisha Gazeti la Serikali. Ruka hatua moja, ushuru mnaokusanya hauna miguu. Madiwani watataka faini kwa kila kitu, mpaka mbuzi anayekatiza sokoni. Wape nafasi waseme, kisha waeleze kwa upole sheria mama, ile ya Bunge, inaruhusu nini. Mfano ushuru wa mazao: mwaka 2017 Bunge liliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani 1 unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Lakini nenda kasimame kwenye geti la viazi asubuhi uone. Kijana wa ushuru anasimamisha pikapu yenye magunia matano, mama anaomba, yeye anasema ni maagizo. Nilikuwa nawafuata mageti na nakala ya kifungu, nawasomea, nabandika ukutani. Makusanyo hayakushuka kama mweka hazina alivyotabiri. Fedha ya viazi iko kwenye malori yanayoshuka Dar, haiko kwenye pikapu ya mama.

Nidhamu za watumishi nitapita haraka: hati ya mashtaka, muda wa kujitetea, kamati ya uchunguzi, kila hatua kwa maandishi. Mwizi wa dhahiri hurudishwa kazini kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Siasa haikwepeki. Diwani atakupigia usiku umsaidie mpwa wake, mwenyekiti atakuuliza mbele ya baraza zima kama hiki wanachotaka kinawezekana. Usijibu "nitaangalia" kama unajua hakiwezekani. Sema hapana, taja kifungu, kisha waambie njia gani inawezekana. Watakuheshimu polepole. Na ushauri wowote mzito uweke kwenye dokezo na ubaki na nakala yenye namba ya folio.

Kipato hakitashindana na cha rafiki zako wa Mbeya mjini wakipata wateja wazuri, na ukiwa mtumishi huruhusiwi kufanya uwakili wa kujitegemea pembeni. Ila miaka mitatu minne ya halmashauri utakuwa umeshika ardhi, ununuzi, ajira, kodi na utungaji wa sheria. Wao watakuwa bado wanaandika viapo vya kupotelewa na vyeti.

Makazi: usitegemee nyumba ya serikali, omba chumba karibu na makao makuu ya wilaya na uulize kwanza kama gari la kwenda Mahakama Kuu linapatikana alfajiri. Kama ni Kyela au Rujewa, beba neti. Kama ni Makete, pitia Njombe mjini ununue blanketi zito na makoti mawili, huko juu Juni na Julai kuna barafu kwenye majani asubuhi. Ukishajua wilaya niandikie inbox, nitakuunganisha na mtu wa kukupokea.