Fizi Zinazotoka Damu na Baridi Yabisi: Kwa Dada Aliyeniandikia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ana baridi yabisi kwa mwaka wa tatu sasa, fizi zinamtoka damu kila anapopiga mswaki, na anaona haya kumweleza daktari. Dada yangu, haya hiyo naijua, maana niliibeba miaka minne.

Asubuhi vidole vyangu vilikakamaa zaidi ya saa nzima, mswaki ukawa unanidondoka, nami nikaishia kusukutua kwa maji ya chumvi tu. Nilipokwenda kung'olewa jino lililolegea, mhudumu alisema mbele ya wagonjwa wengine kwamba mtu mzima hafiki hapo ila kwa uvivu. Maneno yale yananiuma hadi leo, na kwa ajili yake nilikaa muda mrefu bila kurudi kwa daktari wa meno, nikapoteza jino la pili.

Daktari niliyempata baadaye alipima nafasi iliyopo kati ya jino na ufizi. Kwenye ufizi wenye afya kina cha nafasi hiyo kwa kawaida hakizidi milimita 3; kwangu kilifika 6, na nafasi iliyozama hivyo huitwa mfuko. Alinieleza kwamba katika mifuko hiyo huishi bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis, mwenye kimeng'enya kinachobadilisha protini kwa namna ileile ambayo kingamwili (protini za kinga ya mwili) za wagonjwa wengi wa baridi yabisi huishambulia. Kwamba bakteria huyo ndiye anayeanzisha ugonjwa wa viungo, hilo halijathibitishwa. Kwamba magonjwa haya mawili huandamana, limeonekana mara nyingi.

Mate nayo hubeba habari. Ndani yake hupimwa interleukini-1 beta, interleukini-6 na TNF-alfa, ambazo ni protini zinazochochea uvimbe mwilini, na MMP-8, kimeng'enya kinachovunja kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazolishikilia jino. Lakini TNF na interleukini-6 ndizo zinazozuiwa na baadhi ya dawa za viungo, kwa hiyo mate ya anayezitumia hayawezi kusomwa peke yake bila kutazama fizi zenyewe. Metotrekseti, dawa nyingine ya viungo, nayo huweza kuleta vidonda vya mdomoni, na baadhi yetu hukaukiwa mate kabisa. Yote haya daktari wa meno hawezi kuyajua usipomwambia, na sisi wagonjwa tumezidi kunyamaza!

Nilisafishwa ukoga hadi chini ya ufizi kwa awamu mbili, huku nikiendelea na dawa zangu za viungo. Mpini wa mswaki niliuzungushia mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili uwe mnene, na husubiri vidole vilainike ndipo nipige mswaki. Miezi sita baadaye mifuko ilikuwa imepungua hadi milimita 4, na damu imekoma. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Nenda wiki hii, dada, ukiwa na orodha ya dawa zako, uombe kila jino lipimwe. Ukiambiwa ni uvivu, onyesha vidole vyako, kisha omba kipimo kiendelee.